Muhtasari wa Kikao cha Kiangwe

Kikao kilifunguliwa saa tatu kasorobo,
kwa dua, na kwa kuwatoa mbuzi wa Bakero darasani.
Waliohudhuria: arubaini na mmoja.
Walioomba udhuru: hakuna.
Wasioweza kuomba udhuru ni wengi,
wamelala msituni, na makaburi yao hayana hati.

Mgeni wa Nairobi alisoma.
Sentensi yake ilikuwa ndefu kama foleni ya unga wa msaada:
jamii za asili zitatambuliwa katika katiba,
na litaundwa baraza la kushauri.
Akatua. Akanywa maji ya chupa.
Akaniangalia nifasiri.

Maana karani ni mimi, na mkalimani ni mimi,
kwa kosa la kufika kidato cha nne.
Kutambuliwa nikalifasiri kwa neno letu
la mtu anayekuja kwa mbali, giza limeshaingia,
mbwa wakamnusa,
wakaacha kubweka.

Dahabo Abarufa akacheka kwa pua.
"Kwani tulipotea?
Mwaka wa operesheni walitutambua nyumba kwa nyumba,
hata mwenye homa hakusahauliwa.
Na sheria ya wanyama ilipokuja
ilimtambua baba yangu kwa upinde wake,
ikamtambua miezi sita, gereza la Hindi.
Muulize huyu: ni kutambuliwa kule kule
au kuna kwingine?"

Nilifasiri nusu.
Nusu nyingine mgeni aliisoma usoni mwake.

Ndipo likazuka la jina.
Vijana walitaka Aweer, na zile e mbili zisiliwe.
Shambaro akatoa kitambulisho mfukoni,
kinasema yeye ni kabila jingine kabisa;
karani wa usajili alilichagua, alisema,
kwa kuwa lilienea kwenye kisanduku.
Wengine tumeandikwa Mengineyo.
Mengineyo bin Mengineyo,
ukoo mkubwa sana, hauna hata ngoma moja.

"Na hilo baraza," akauliza Bakero,
"likishauri, nani analazimika?"
"Serikali itazingatia," akasema mgeni.
Kuzingatia.
Nililitafuta neno hilo mpaka kwa bibi yangu mzaa mama,
sikulipata. Nikakaa kimya,
na kimya changu kikafasiri sawasawa.

Bakero akapiga mluzi, ule wa kumwita mlembe,
na watoto dirishani wakaangalia juu.
"Ndege yule naye hushauri tu.
Hana bunduki, hana gari la kijani.
Hukwambia: huku, huku. Ukitaka, mfuate.
Lakini ukila asali usimwachie sega lake,
safari ya pili atakushauri vilevile,
sauti ile ile tamu,
hadi mlangoni kwa chatu."

Mgeni akauliza kama hilo liandikwe.
Niliandika. Sijui kama ni azimio.

Kikao kikafungwa saa saba, chai haikutosha.

Siku ya tatu nilikwenda Mokowe kuupiga chapa.
Kila nilipoandika Aweer
kompyuta ikachora chini yake mstari mwekundu,
wa mwalimu aliyechoka.
Kijana wa duka akainama juu ya bega langu,
akabonyeza mahali: ongeza kwenye kamusi.
Mstari ukafutika, ukurasa mzima.
Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya.

Nikakaa nikiitazama ile karatasi safi.
Shilingi ishirini, akasema. Kwa kila ukurasa.