Upande wa Pili

Tulirekodi juu ya duka la vitambaa, Smethwick,
chumba kimoja, magodoro matatu ukutani
kuizuia sauti isishuke ngazi
ikawatie wazimu wanaochagua hariri za harusi.
Februari. Madirisha yanatoka jasho.
Leighton anapiga ngoma na glavu zilizokatwa vidole,
Colm ana besi, na kikohozi kisichofuata mapigo,
mimi nina gita la mkopo
na albamu yenye nyimbo nane na nusu.

Ile nusu ndiyo iliyotushinda.

Nilitaka kitu cha nyumbani ndani yake.
Si sitari ya pambo,
inayolia mara moja mwanzoni kama kengele ya mlango
halafu hiyo, imeondoka, imeshaonyesha pasipoti.
Nilitaka kitu kivue viatu, kikae, kiulize chai iko wapi.

Nikaenda kwa mama kuazima hamoniamu.

Ilitoka Jalandhar mwaka sitini na nane
ndani ya sanduku la bati, imeviringishwa shuka
kama mtoto mwenye homa.
Kitufe kimoja kimeshikiliwa na plasta ya kidonda.
"Jumamosi iwe hapa," akasema. "Jumapili naimba gurudwara."
Hakuuliza nyimbo zetu zinamhusu nani.
Nilishukuru.

Nikauvuta mvukuto.
Ikatoka sauti nene, ya joto, yenye vumbi,
isiyopatana na chochote mle ndani.
Gita juu, yeye chini;
si hatua nzima, si nusu,
upana wa ukucha uliokatwa.
"Basi ilinganishe," akasema Colm.
Hailinganishwi. Ndimi zake ni za shaba,
alizichonga fundi ambaye keshazikwa,
na ulimi wa shaba haubembelezeki.

Kimya. Chini, cherehani ilikuwa ikikimbia.

Gita lina masikio sita.
Nikashika la kwanza, nikalisokota
nyuma, nyuma, kidogo tena.
La pili.
La tatu likalia kama mlango wa kabati.
Nilipokuwa shule nililikata jina langu, Harsimrat,
nikabaki na silabi moja
iliyoweza kupita mdomoni mwa mwalimu bila kumkwaruza.
La nne. La tano.
Colm alinitazama
kama mtu anayeona nyumba ikiuzwa kwa hasara,
kisha akainama juu ya besi yake,
naye akashuka.

Tulipopiga, hakuna aliyehesabu moja, mbili, tatu.

Baba alileta chakula saa mbili usiku.
Miaka ishirini na sita ya joko la chuma
imemwachia sikio moja, nalo la siku njema tu.
Akaweka kiganja juu ya amplifaya,
kama anayepapasa ng'ombe mwenye mimba,
akatulia hapo ubeti mzima.
Halafu akainamia hamoniamu.
"Mvukuto unavuja."
Mvukuto aliujua. Akaomba gundi,
akaomba kiraka cha tairi la baiskeli.
Leighton, asiyewahi kumkatalia mzee wa mtu,
akanyoosha kijiti cha ngoma: "Usiuguse, mzee. Tafadhali."

Kwa hiyo ukigeuza santuri, upande wa pili,
gita bado halijaingia,
kuna sekunde nne za pumzi inayotoroka.
Mteja mmoja wa Leeds aliirudisha dukani:
ina kasoro, alisema, nataka nyingine.
Akapewa nyingine.
Nayo ilipumua vilevile.

Hamoniamu tuliirudisha Jumatatu.
Mama alikuwa ameimba kwa makofi matupu, na alitukumbusha hilo
hadi Aprili, santuri ilipotoka.
Akaisikiliza jikoni, amesimama, mikono ina unga,
mpaka sindano ilipoanza kukwaruza katikati.
Nikangoja.
"Kile cha plasta," akasema, "umekizunguka wimbo mzima.
Ulikiogopa nini?
Kinalia.
Kinataka tu ukigonge."