Gramu Kumi na Tano

Mimi ni mpima. Kutwa nasimama
mbele ya mizani, kiwandani Igogo,
minofu ya sangara ikipita, naisoma kwa gramu.
Nikirudi Mabatini, nikipanda ngazi za mawe,
harufu hunitangulia mlangoni.
"Kaoge kwanza," husema Kokushubira,
"ndipo unisalimie."

Basi nikataka harufu moja tu iwe yangu.

Nilianza vibaya, kama waanzavyo wenye haraka:
unga wa kopo, maji ya chupa yaliyolala.
Koku alionja, akakiweka kikombe chini taratibu,
yeye mzaliwa wa Kamachumu, kahawa ikianikwa uani,
aliyetafuna buni kabla hajaota magego.
Hakusema neno. Hilo ndilo lililouma.

Nikaenda Makoroboi. Fundi Masanyiwa
alikuwa akigonga bati, misumari mdomoni.
"Nitengenezee kikaangio cha kuzungusha, mkono mrefu."
"Cha karanga?"
"Cha buni."
Akaitema misumari yote ili acheke vizuri.
Lakini alikitengeneza, kwa debe la mafuta ya kula,
na juu ya makaa nikajifunza kusikiliza:
buni hulia mara mbili,
kwanza kama kijiti kikavu kinachovunjwa,
kisha kidogo, kwa siri, kama mtu anayejizuia kukohoa.
Hapo epua. Ukingoja zaidi
umenunua mkaa kwa bei ya kahawa.

Birika la kioo, la kukandamiza, nililipata Mlango Mmoja,
mtumba, halina hata ufa.
Lilinihudumia siku tisa.
Siku ya kumi nilikuta furu wawili wanaogelea humo,
mali ya Magesa, mwanangu, na tayari wana majina.
Ningewahamishia wapi?
Koku akachana bafta, akashona soksi,
akaizungushia waya wa hanga la nguo.
"Isuuze kwa maji ya moto," alinionya,
"sabuni ikiigusa, utakunywa mapovu wiki nzima."

Maji nayo. Ya bomba yana dawa, ulimi unaijua.
Ziwa zima limelala pale chini, bluu hadi macho yachoke,
nami niko nyuma ya nyumba, nakinga mvua kwa ndoo.

Kinu kilinishinda. Ukitwanga, unapata vumbi na kokoto pamoja:
vumbi linatoa uchungu wote,
kokoto inabaki na utamu wake, haimpi mtu.
Nikafanya zamu nne za usiku,
nikanunua kisagio cha mkono, chenye meno ya chuma.
Ukiniuliza, ndugu, una hela ya kitu kimoja, ukiweke wapi,
nitakwambia hapo.
Vingine vyote vina fundi wake Makoroboi.

Mizani ya nyumbani sina. Cheka.
Siku moja msimamizi alipokwenda kunywa soda
nilimimina kiganja changu cha buni kwenye mizani ya samaki:
kumi na sita.
Mkono wangu ulikuwa ukinidanganya kwa gramu moja,
mkono ninaoulia ugali.
Tangu hapo, kila alfajiri, nachota kiganja,
kisha narudisha buni saba mkebeni.

Leo, saa kumi na moja, mawe ya mlimani bado meusi,
nilimwaga maji kidogo kwanza, nikangoja.
Unga ukavimba, ukapumua, ukatulia.
Nikamimina tena, uzi mwembamba, nikizunguka,
pumzi nimeibana kama mtoto anayevuka daraja la mti.
Furu walinitazama kutoka dirishani.
Koku akatoka na khanga mabegani, akanywa.
Akanywa tena.
"Imekaribia," akasema,
akaenda kumwamsha Magesa.

Imekaribia!
Nimeshinda na neno hilo kazini.
Sangara wanapita, naandika kilo zao,
moyoni naongeza buni moja, napunguza mbili.
Mchana nilivua glovu, nikanusa vidole:
chini ya samaki, chini kabisa,
kulikuwa na kitu kingine.