Watu Unaoweza Kuwajua

Saa nne usiku simu imeniletea sura yako.
Nimevua viatu vya zamu, miguu imo kwenye beseni,
ugali wa muhogo unapoa mezani.
*Watu unaoweza kuwajua*, inasema,
na hapo upo wewe, kilemba cha njano,
umeegemea ukingo wa feri ya Kamanga,
ziwa nyuma yako limetulia kama bati.
Marafiki wa pamoja: saba.
Mmoja ni mama anayenipimia dagaa.

Ninakujua.
Ninajua mshipa wako wa kushoto hukimbia sindano.
Ninajua uzito wako wa miezi sita,
na jina ulilolitaja usingizi wa dawa ulipokushika,
ambalo si la mwenye nyumba yako.
Yote yamo kwenye jalada la kaki,
kabati la chuma, masijala,
na ufunguo anao Bulugu,
aufungao kwenye pindo la leso kama sadaka ya Jumapili.
Simu imejuaje?
Nani aliinong'oneza kwamba mimi na wewe
tuliwahi kukaa chumba kimoja, pazia limevutwa?

Chuoni, mwalimu Nyanzobe alitufundisha:
mgonjwa akivua nguo moja, wewe vaa mbili.
Tulicheka. Tulidhani anasema aproni.

Halafu Kwandu wa zamu ya usiku akapiga picha.
Jeraha tu, alisema, mguu tu, tujifunze,
akaituma kwenye grupu la wauguzi, watu arobaini.
Kabla ya chai picha ilishavuka maji hadi Ukerewe.
Uso haukuwamo.
Lakini pembeni mwa shuka ilichungulia khanga,
na khanga ina maneno:
*Ukinuna, chumvi haipungui.*
Dada wa mgonjwa aliinunua mwenyewe sokoni Nansio,
doti moja, wakagawana.
Akaisoma. Akapiga simu huku analia.
Kwandu sasa yuko stoo, anahesabu glavu.

Jumamosi nilikuona Mwaloni.
Ulikuwa na mwanamume amebeba kikapu.
Nikainamia sangara, nikamkagua matamvua
kama mtu anayefanya mtihani.
Nikasikia: *Unamfahamu yule?*
Nikasikia: *Yupi? Hapana.*
Sijawahi kukanwa kwa heshima namna ile.
Nilinunua samaki ambaye sikumhitaji.

Usidhani mimi ni jiwe, kwa kuwa mji wetu una mawe.
Usiku ule uliponiandikia saa saba, namba sijui ulipewa na nani,
*dada, angalia hiki kimetokea*, na picha,
nilijibu: *Njoo asubuhi, dirisha la tatu.*
Maneno manne.
Niliyahesabu mpaka kunguru wakaamka.
Hukuja asubuhi. Hukuja kesho yake.
Ulikuja Alhamisi, ukakaa benchi la mwisho,
nami nikaita jina lako kama ninavyoita majina yote,
ila nililiita polepole.

Na wewe unayesoma, mwenye marafiki saba,
acha kuhesabu.
Kilemba hakikuwa cha njano.
Feri haikuwa ile, na mshipa nimeuhamisha mkono.
Huenda hata siye mwanamke.
Khanga tu sikuibadili,
maana ile ilishasomwa na kila mtu.

Maji ya beseni yamepoa.
Nagusa neno *Ondoa*, unaondoka na ziwa lako.
Simu haichoki, inaleta mwingine:
Bulugu wa masijala, tai nyekundu,
amesimama kando ya gari lisilo lake.
Huyu namkubali.
Namwandikia: *Ufunguo uko wapi?*
Anajibu hapo hapo, usiku wote huu:
*Kwenye leso.*