Darubini kwa Bunduki ya Keya

Atugonza ameileta ndani ya gunia la kahawa,
akailaza juu ya benchi yangu hapa Masindi
kama mgonjwa anayepewa kitanda cha mwingine.
"Fundi Isingoma, kuna nyati kule Kigumba,
waya wa mtego umemzama mguuni,
ameshajeruhi watu wawili kwenye mahindi.
Nataka nimpige mara moja tu.
Macho yangu peke yake hayatoshi."

Macho ya nani yanatosha?
Mimi mwenyewe nasoma namba kwa kidole:
taji, mwaka wa arobaini na tatu, herufi mbili, kovu.
Kabla ya kuwa bunduki ya wanyama
ilikuwa ya watu.

Nimeibana kwenye jiliwa, nimeizungushia ngozi isilie.
Chuma chake kimeshavunja ncha mbili za keekee.
Ya tatu naizungusha kwa mkono:
tone la mafuta, robo ya duara, narudi nyuma,
napuliza vumbi linalong'aa,
kama mtu anayemdai mjane deni,
polepole, na kwa aibu.

Nyuma ya bamba la kitako
nimekuta senti tano yenye tundu,
imeviringishwa kitambaa kilichooza.
Kijana gani wa Keya
alificha nauli yake ya kurudi
mahali ambapo bega lake lingeilinda?
Nimeigeuza. Nimechungulia tunduni. Nimeirudisha.
Si yangu.

"Mbona sasa siwezi," anauliza Atugonza,
"kushindilia risasi tano kwa pamoja kutoka juu?"
Namwambia darubini imeziba mlango ule.
Utaingiza moja. Kisha moja.
Kati ya moja na moja ipo nafasi ya kuvuta pumzi
ambayo walioiunda hawakumwachia mtu.

Natoa komeo. Naiegemeza bunduki dirishani
juu ya mifuko ya mchanga,
nachungulia mtutu mtupu kutoka nyuma:
michirizi inajisokota hadi kwenye duara la mwanga,
na katika mwanga ule, alama ya chokaa
niliyoichora kwenye kichuguu.
Nainua jicho hadi kwenye kioo.
Msalaba umekwenda kushoto.
Skrubu, kidogo. Mtutu. Kioo.
Kidogo tena.

Ndipo Businge, mtoto wa jirani,
anapita akimfukuza kuku,
anasimama palepale kwenye chokaa,
katikati ya msalaba,
karibu mno, naona pengo la jino
aliloling'oa jana.

Mtutu ni mtupu. Komeo liko mezani, nimelishika.
Risasi ziko kwa Atugonza, mfukoni, amefunga kifungo.
Hata hivyo mkono umeniganda.

Baba alirudi kutoka Burma
akiwa hataki mtu asimame mlangoni.
Ingia au toka, alisema, usisimame hapo.
Sisi tulidhani ni adabu.

Nimesubiri. Kuku amekamatwa,
mtoto ameondoka naye amemkumbatia,
mabawa yakimpiga kidevuni.
Atugonza ametia sahihi daftarini,
ameuliza bei, ameguna, amelipa nusu.

Skrubu za mwisho nimezifunga
kwa rangi ya kucha ya mke wangu,
nyekundu, tone moja kila kichwa,
ili siku zikilegea
ionekane.