Pembezoni mwa Dodoso

Swali la ishirini na saba lina visanduku vitatu:
umeridhika sana, kiasi, hujaridhika.
Aluoch anaitazama kalamu, hanitazami mimi.
"Andika sana," anasema, "usije ukafukuzwa kazi."

Pampu ipo. Nimeipiga picha ubavuni,
jina la mfadhili limekwanguka, limebaki "kwa hisani ya".
Maji yanatoka. Nimepima kwa debe na saa ya simu:
lita ishirini, sekunde hamsini na nane.
Kwenye jedwali lao kule Kisumu hiyo ni kijani.
Mpini, hata hivyo, hulala chini ya kitanda cha mweka hazina,
na kuuazima kuna bei.
Sikupewa rangi ya bei.

Mpunga unanuka tope hapa Kobura,
mbu hawasubiri jua lizame,
nami nina siku tatu, kurasa arobaini,
na muhtasari wa kurasa mbili kwa wasio na muda.

Usiku, gesti ya Ahero, feni ikihesabu mizunguko yake kwa sauti,
nikampigia Eglay Kadenyi.
Tulijuana katika chama chetu cha watathmini,
Jumamosi moja kwa mwezi, ukumbi wa kuazima, chai ya maziwa,
tunaulizana makosa kama wengine wanavyoulizana hali.
Wapo wa Bungoma, wa Kuria,
mmoja hutoka Lodwar, siku mbili njiani.
Jengo hatuna. Tuna namba za simu
na deni la kujibu.

"Kobura?" akasema. "Ngoja."
Nikasikia kitanda kikisogezwa huko Mumias,
katoni ikiburutwa, kikohozi cha vumbi.
Miaka kumi na mmoja nyuma ni yeye aliyepita na dodoso la msingi,
kabla ya pampu, kabla ya bango.
Shirika lilifunga ofisi, likauza madawati,
kompyuta zikaenda na siri zake.
Nakala zikabaki kwake. Hakuna aliyemwambia azitunze.
"Hazikuwa na mwenyewe," akasema, "nikaona haya kuzichoma."

Picha ikaingia saa tano, imepinda, kivuli cha kidole juu yake.
Kaya ya kumi na nne. Aluoch, miaka thelathini na miwili, watoto wanne.
Hitaji la kwanza: maji, choo, mbegu, zahanati.
Visanduku vyote vitupu.
Pembezoni, kwa penseli, mwandiko wa Eglay wa enzi zile:
"Anasema daraja. Awach ikijaa watoto hawavuki.
Kisanduku cha daraja hakuna. Niulize ofisini."

"Uliuliza?"
Feni ikazunguka mara nyingi.
"Niliuliza. Wakaniambia mradi ni wa maji."

Asubuhi nilirudi bila fomu.
Aluoch alikuwa akianika sare ya shule, moja tu.
Nikamwonyesha simu.
Akasoma polepole, midomo ikisogea,
akafika kwenye neno daraja, akaligusa,
picha ikakua.
"Wakati ule walikuwa wanne," akasema,
kisha akauliza kama nimekunywa chai.

Ripoti nimeituma. Pampu ni kijani, ndivyo ilivyo.
Daraja nimeliweka ukurasa wa kwanza.
Wakilishusha hadi kiambatisho cha tisa, najua watalishusha,
nakala iko Bungoma, iko Kuria, iko Lodwar,
iko Mumias katika katoni ile ile.
Mmoja wetu atatumwa tena huku.