Studio ya Mwiko, Lamu

Kompyuta ya mkopo, nimeiweka mezani,
Kinasa sauti kipo, nimekifunga mwikoni,
Godoro langu halipo, ni zibo la dirishani,
Punda alia Langoni, na sauti yaingia.

Hapa neno nikiimba, sikioni lachelewa,
Kana lazunguka nyumba, kwa mlango kufungiwa,
Dawa, Shekuwe aamba, ni bafa kupunguziwa,
Nikashusha, ikazuwa mikwaruzo mia mia.

Nikasahau kuzima, nikatoka kula wali,
Narudi, ona milima, kiooni, safu mbili!
Nasikiliza: ni mama, afuta vumbi, hajali,
Avuma bila kauli wimbo alonilazia.

Zangu kumi nimefuta, wake mmoja naweka,
Jina lake natafuta, kidole chatetemeka,
Na punda sitamkata, mwishoni amesikika.
Mama aja: “Hujachoka? Ni nani anayelia?”