Nepi ya Nane

Nje, nepi saba zimegandia kamba,
ngumu kama mbao, upepo ukizigonganisha.
Ulaanbaatar, nyuzi thelathini chini ya sifuri.

Mama mtu yuko zamu ya usiku kiwandani.
Aliagiza mlangoni, akivaa glavu:
maji ya mchele, chumvi kiduchu,
kijiko kimoja, ngoja, kingine.
Usimharakishe.

Solongo ana miezi kumi na mitatu.
Pua imeziba, anahemea mdomo,
basi kila kijiko ni mapatano:
anywe, au apumue?
Dashnyam anamfuta kamasi kwa ukingo wa joho,
anapapasa utosi,
anafinya ngozi ya tumbo. Inarudi, polepole.
Mtoto analia, na baba anachungulia macho:
machozi yapo?
Yapo. Lia, mwanangu. Lia tuyaone.

Akatia makaa. Akapoteza hesabu ya vijiko,
akaanza upya kutoka moja.

Saa kumi na moja alfajiri akafungua ya nane,
uso ameshaukunja, pumzi ameibana.
Mkojo.
Mkojo mtupu, wa vuguvugu.

Akakaa na ile nguo kiganjani
hadi ikaanza kupoa,
kama mtu aliyelipwa deni
alilokwisha kulisamehe.